Mvua Haina Mwenyewe, Kalavati Linaye

Majibu kwa wasomaji wa Dodoma na jirani zake: serikali inawajibika wapi mafuriko na ukame vinapopiga

Mtendaji ameandika majina mara mbili, hakuna kilichokuja

*Shikamooni wataalamu. Mto Bubu ulifurika, maji yakalala kwenye mashamba yetu ya mpunga karibu wiki mbili. Mtendaji wa kijiji alipita kuandika majina, tukangoja. Akapita tena, akasema orodha ya kwanza imepotea. Je, serikali haitakiwi kutulipa fidia? – Mkulima wa mpunga, Bahi*

Marahaba, na poleni sana. Tuanze kwa kutenganisha vitu viwili ambavyo vijijini vyote huitwa fidia. Fidia yenyewe hulipwa serikali inapotwaa ardhi yako, au inapokuharibia mali kwa kitendo au uzembe wake. Mto ukifurika kwa mvua, mnachoomba ni msaada: chakula, turubai, blanketi, mbegu za kupandia upya. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa, wilaya na kata hadi kijiji na mtaa, na kamati hizo zina wajibu wa kujiandaa, kuokoa na kusaidia. Haikusema kila eka iliyosombwa italipwa bei yake sokoni. Anayewaahidi hivyo mkutanoni anatafuta kura. Barua yenu ikiandikwa "tunadai fidia ya mpunga" itazunguka mezani bila kupata wa kuijibu. Andikeni "ombi la msaada wa chakula na mbegu", na hapo hapo mtaje kiasi.

Sasa hiyo orodha. Majina matupu si tathmini. Kila mstari uwe na jina la mkuu wa kaya kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA (si jina la utani, hata kama kijiji kizima kinamjua kwalo), idadi ya watu nyumbani, na kati yao watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, wazee na wenye ulemavu. Kisha eka zilizolimwa, eka zilizofunikwa, siku ambazo maji yalisimama, na mpunga ulikuwa umefikia wapi.

Hilo la mwisho ndilo linalowaponza wakulima wa mpunga. Mpunga mchanga ukizama wote kwa zaidi ya wiki moja, kwa kawaida huoza, na kila mtu anaona. Ukizama wakati wa kutoa maua, maji yakipungua unabaki umesimama kijani, masuke juu, na mtathmini anayepita barabarani ataandika "zao lipo". Ingieni naye shambani. Kateni masuke kumi kutoka pembe nne za shamba na katikati, mminye punje kwa kucha mbele yake. Punje iliyopata mbegu hutoa maziwa au huwa ngumu. Iliyokosa ni ganda na hewa. Hesabuni, mwandike hesabu hiyo.

Nyumba za tembe, zile za paa la udongo, nazo zina udanganyifu wake. Udongo wa darini ukinywa maji huwa mzito mno kwa nguzo na mapau, na ukuta uliolowa miguuni huendelea kulainika hata jua likishatoka. Tembe nyingi huanguka siku ya pili au ya tatu, wakati waandikaji wamekwisha kupita. Kwa hiyo orodha ya nyumba ifungwe baada ya wiki, isifungwe kesho yake. Na msirudi kulala ndani mpaka mchomeke kijiti chini ya ukuta kikagoma kuingia.

Orodha ikikamilika isomwe jina kwa jina kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria mkutano huo ni kila baada ya miezi mitatu, ila wa dharura unaweza kuitishwa. Kusoma kwa sauti kunaua magonjwa mawili: ndugu wa viongozi ambao hawakulowa hata kiatu, na kaya moja iliyojigawa siku ya kuandikwa, baba mstari wake na kijana wake asiye na jiko mstari wake. Wilayani wakikuta kaya mbili za namna hiyo hutilia shaka orodha nzima, na wenye shida ya kweli wanaumia pamoja nao.

Muhtasari wa mkutano, mahudhurio yenye saini, saini ya afisa kilimo wa kata na muhuri wa kijiji viambatane. Nakala moja iende kwa Mtendaji wa Kata, moja kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, moja kwa Mkuu wa Wilaya, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya maafa ya wilaya. Ya nne ni yenu, na kila ofisi iigonge muhuri wa kupokea wenye tarehe. Karatasi yenye muhuri huo haipotei kirahisi. Kimya kikizidi, andikeni kuomba taarifa ya hatua iliyofikiwa chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya 2016, ambayo inaipa ofisi siku 30 kujibu.

Kata jirani wamepata mahindi, sisi hapana

*Jua lilitupiga sote, lakini mahindi ya bei nafuu ya serikali yameishia kata jirani. Tumewakosea nini? – Mama wa watoto wanne, Chamwino*

Hamjamkosea mtu. Uwezekano mkubwa ni kwamba kata ya jirani ilipeleka namba na ya kwenu ikapeleka kilio. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, hutunza nafaka. Hauzunguki kuchagua vijiji vyenye njaa. Maombi hupanda kutoka kijiji hadi wilaya na mkoa, na huko juu hupimwa pamoja na tathmini ya chakula na lishe inayofanywa na timu za MUCHALI, mfumo wa kuchambua uhakika wa chakula na lishe. Ombi lisemalo "hali ni mbaya sana" halina cha kupimwa.

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Mtu mmoja hula karibu gramu 400 za nafaka kwa siku, yaani kilo 12 kwa mwezi. Kaya ya watu 6 inahitaji kilo 72, kwa hiyo gunia la kilo 100 ni siku 41 tu. Kijiji cha kaya 300 za namna hiyo kinakula tani 21.6 kwa mwezi. Toeni kilichovunwa, kinachobaki ndicho pengo. Mkivuna Mei chakula cha miezi mitatu, pengo linaanza Agosti, na mavuno mengine hayaji mpaka mwaka unaofuata.

Katika kutoa, andikeni mtama na uwele pia. Kuna tabia ya kutaja mahindi peke yake ili pengo lionekane kubwa. Mtathmini akifunua kihenge akakuta mtama, hata mahindi mliyoyasema kweli hayaamini tena.

Wakati nao una uzito. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na ukavu wa katikati, Januari au Februari, ndio unaokausha mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Hapo hapo afisa kilimo aandike, msingoje vihenge vitoe mlio. Na mahindi yakiidhinishwa, ombeni diwani ahakikishe yanauzwa kwa kilo au debe, kwenye kituo kilicho karibu. Mahindi ya bei nafuu yanayouzwa kwa gunia zima, mbali na kijiji, huishia kwa mwenye pikipiki na akiba.

Barabara mpya inaleta maji uani kwangu

*Barabara ya mtaa iliinuliwa ikawekwa lami. Kalavati lake linamwaga maji moja kwa moja kwangu, na ukuta wa uzio umeshalala. Ofisi ya kwanza inasema ni mvua, ya pili inasema si barabara yake. Nimshike nani? – Mwenye nyumba, Dodoma mjini*

Ndugu, wewe una hoja ambayo mkulima wa Bahi hana. Mvua ilinyesha yenyewe, lakini kuna mtu aliyechora pale maji yatokee, na mtu huyo ana ofisi.

Kwanza mjue mwenyewe. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Za wilaya, mitaa na vijiji ni za TARURA. Tuta la reli ni la TRC. Ikiwa ni mto wenyewe umejaa mchanga au umehama, ni bodi ya maji ya bonde, na hapo Dodoma ina shughuli, kwa kuwa mkoa umekaa juu ya mabonde matatu: maji ya Kinyasungwe yanakwenda Wami/Ruvu, ya Bubu ni Bonde la Kati, ya Kisigo ni Rufiji. Barua iliyokwenda bonde lisilo lake hairudi.

Pili, ushahidi, na mwingi hupatikana mvua ikinyesha, si baadaye. Piga picha na video maji yakitoka kalavatini, fremu moja ionyeshe mdomo wa kalavati na nyumba yako pamoja. Weka alama ya rangi ukutani maji yalipofika, uandike tarehe. Kukikauka, pima kipenyo cha kalavati na kina cha mchanga uliotuama ndani. Kalavati la sentimita 60 lenye mchanga wa sentimita 30 limebakiwa na nusu ya nafasi, na maji yaliyokosa kupita yanapanda juu ya barabara. Angalia pia upande wa kutokea: je, kuna mfereji unaoyapokea maji hadi korongo la asili, au bomba limekatwa tu mpakani mwa kiwanja chako? Mfereji usiokuwepo ndio kasoro tunayoiona mara nyingi kuliko kalavati dogo, kwani mkandarasi hulipwa kwa kilichochorwa, na mfereji wa nje ya hifadhi ya barabara mara nyingi haukuchorwa.

Tatu, barua kwa meneja wa wakala husika wa wilaya au mkoa, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa na diwani. Omba kitu kimoja kinachotendeka: mfereji wa mita kadhaa hadi mahali ulipopataja, na ukuta urudishwe. Malalamiko mengi humalizika hapa, hasa mwenyekiti na majirani wakisaini.

Wasipojibu, njia ni mahakama, na ina milango yake. Chini ya Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, lazima utoe notisi ya siku 90 kwa ofisi unayoilalamikia, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali, ukieleza msingi wa dai. Tangu marekebisho ya 2020, hata dai dhidi ya halmashauri au wakala linafuata utaratibu huo: Mwanasheria Mkuu huunganishwa na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Kesi nyingi hufia kwenye notisi, ama haikutolewa, ama siku 90 hazikutimia. Usilale pia: dai la madhara kwa kawaida lina miaka mitatu, lakini linalotokana na kitendo kilichofanywa kwa mamlaka ya sheria lina mwaka mmoja. Jihesabie mwaka. Asiye na uwezo aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 1 ya 2017.

Kabla ya yote hayo chukua futi kamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Nyumba yako ikiwa humo bila kibali, wakili wa serikali ataanza na hilo. Ikiwa una hati iliyotolewa na serikali yenyewe, swali linageuka: nani alipima kiwanja hapo?

TMA walisema mvua nzuri, shamba limekauka

*Mamlaka ya Hali ya Hewa walitutangazia mvua za wastani hadi juu ya wastani. Tuwashitaki? – Mkulima wa alizeti, Kongwa*

Hapana. Utabiri wa msimu unasema uwezekano wa jumla ya mvua kwa eneo pana. Jumla inaweza kutimia kwa mvua nne kubwa za Desemba na shamba lako likafa Februari. Kwa Kongwa, cha kusikiliza zaidi ni mwanzo wa mvua, mwisho wake na vipindi vya ukavu, kisha taarifa za siku kumi zinazofuata msimu ukiendelea.

Pa kumbana mtu ni kwenye tahadhari za muda mfupi. TMA ikitoa angalizo, tahadhari au tahadhari kubwa, nani kijijini kwenu anaipokea, na anaitangazaje usiku? Kama mkutano hauna jibu, kamati ya maafa ya kijiji ipo kwenye karatasi tu. Ateuliwe mtu mwenye simu na mwingine wa akiba, filimbi au kengele ya shule itumike, na namba ya Zimamoto na Uokoaji, 114, iandikwe ukutani ofisini.

Nchi tajiri zinatulipa lini?

*Tunasikia kuna mfuko wa dunia wa kulipa hasara za mabadiliko ya tabianchi. Kijiji kinaombaje? – Mwalimu, Mpwapwa*

Kijiji hakiombi moja kwa moja. Mfuko wa hasara na uharibifu ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, ukaanzishwa rasmi Dubai Novemba 2023, na fedha zake hupita kwenye miradi ya nchi. Ahadi zote za mwanzo, za dunia nzima, zilikuwa mamia ya mamilioni ya dola, kiasi kidogo mno kwa kazi iliyopo. Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba nchi zina wajibu wa kisheria kuzuia madhara kwa hali ya hewa, na nchi inayoukiuka inaweza kuwajibishwa. Ni maoni, si hukumu ya kulipa, lakini yanaipa serikali yetu kauli ya kusimamia mezani.

Kwenu Mpwapwa, swali la kumuuliza diwani ni jepesi zaidi: halmashauri ina andiko la mradi wa makorongo na mafuriko lenye ramani, gharama na hesabu za hasara za miaka iliyopita? Fedha zikija, zitatafuta andiko lililo tayari, na hesabu za hasara hutoka kwenye zile orodha za vijiji zenye muhuri.