Sauti ya binti humpwelea kila baada ya mazoezi

SWALI: Binti yangu wa miaka 11 anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Siku hizi kila baada ya mazoezi sauti humpwelea hadi kesho yake. Mwalimu anasema koo litazoea. Mimi nampa asali na limao, na namwambia anong'one tu. Tunafanya sawa?

JIBU: Koo halizoei, mama. Sauti ikipwelea hivyo, ujue nyuzi za sauti zimevimba, na kuziimbisha zikiwa na uvimbe ndiko kunakoleta vinundu. Akishika noti ya La ya hezi 440, nyuzi hizo hugongana mara 440 kwa sekunde. Vinundu huota pale zinapogongana kwa nguvu zaidi, kimoja kila upande. Vikiota, nyuzi hazifungi vizuri, hewa inavuja, mtoto anasukuma zaidi ili asikike, na hali inazidi kuharibika.

Asali na limao hazifiki huko. Kinachomezwa hupita kwenye umio, nyuma ya zoloto zilimo nyuzi hizo. Hata maji huzifikia nyuzi kupitia damu, kwa hiyo anywe kidogo kidogo tangu asubuhi. Glasi mbili za haraka mlangoni mwa ukumbi hazisaidii. Kunong'ona kwa nguvu nako hukaza zoloto: aongee taratibu kwa sauti yake ya kawaida, au anyamaze. Akitaka kujikohoza ili kusafisha koo, apige funda la maji.

Kwa sasa asiimbe mpaka sauti irudi kamili. Akirudi kwaya, ahamie sauti ya pili kwa muda, apumzike kila baada ya dakika 20, na asisimame karibu na spika wala ngoma. Mtoto asiyeisikia sauti yake huipaza bila kujua.

Kabla ya kuimba apashe sauti kwa mrija. Atumbukize ncha yake sentimita 2 au 3 ndani ya glasi ya maji, avumishe "uu" mapovu yakitoka, akipanda na kushuka polepole kwa dakika 3 hadi 5. Hewa inayozuiwa na maji husukuma kurudi nyuma, nyuzi zikatetema bila kugongana sana. Mapovu yakitoka kwa kishindo, anasukuma mno. Yakikatika, pumzi imemwishia. Arudie zoezi hilo akimaliza kuimba.

Chunguza pia saa nyingine za siku yake. Mara nyingi kwaya hulaumiwa bure, kumbe sauti imeishia uwanjani kwa kelele za mchezo.

Usimpe vidonge vya kutia koo ganzi ili aweze kuimba, maana vitamficha maumivu ambayo yangemzuia. Sauti isiporudi kwa wiki 3 au 4, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo azitazame nyuzi kwa kamera. Akipumua kwa shida, akishindwa kumeza au akitema damu, nendeni siku hiyohiyo. Vikikutwa vinundu, usiogope kisu: kwa watoto tiba ya kwanza ni mazoezi ya sauti, na upasuaji ni nadra.