Mtu wa Xbox, Mtu wa PS: Majibu kwa Wasomaji wa Kusini

Nina banda la gemu hapa Masasi: PS3 (PlayStation 3) mbili, na Xbox 360 niliyoinunua msimu wa korosho. Foleni yote iko kwenye PS. Xbox wanaikimbia, wanasema ni ya watu wa risasi, haina mpira, inakufa haraka, na anayeikalia anaambiwa anajifanya Mzungu. Niiuze?
*Mwenye banda, Masasi*

Usiiuze kwanza, kaka. Mpira upo: FIFA na PES zilitoka kwa Xbox 360 sawa na PS3. Jina la risasi lilitokana na gemu zilizoipa umaarufu, Halo na Gears of War, ambazo PS3 haikuwa nazo. Vijana wengi wa huku walianzia PS2 na mechi za PES, kwa hiyo wakiona PS wanaona mpira. Ni mazoea tu. Tabia ya mtu huijui kwa padi aliyoishika.

Sisi tunaona kinachowafukuza wateja wako ni vidole. Aliyezoea PS anajua X ni pasi fupi, na X yake iko chini. Kwenye padi ya Xbox kitufe cha chini ni A, na X iko kushoto, pale PS ilipoweka Mraba. Katika PES Mraba ni shuti. Sasa mwenzake akimpigia kelele "bonyeza X!", beki anabutua mpira badala ya kutoa pasi, banda zima linacheka, naye harudi tena. Bandika karatasi ukutani kwa maandishi makubwa: A ni X, B ni Duara, X ni Mraba, Y ni Pembetatu. Mgeni mpe mechi moja ya bure dhidi ya mashine kabla hajakutana na mpinzani. Anayekimbiza mchezaji kwa mishale mhamishie kwenye kijiti, maana mishale ya padi ya 360 kweli haina uhakika.

Hilo la kufa haraka lina ukweli, ila ni la toleo fulani. Xbox 360 za mwanzo, zilizoanza kuuzwa 2005, nyingi ziliwasha taa tatu nyekundu na kuishia hapo. Julai 2007 Microsoft, wenye Xbox, ililazimika kurefusha waranti ya hitilafu hiyo hadi miaka 3 na kutenga zaidi ya dola bilioni 1. Chipu ikipata moto hutanuka, ikipoa husinyaa, na viunganisho vyake vidogo hupasuka taratibu. Kwa hiyo kinachoiumiza zaidi ni kuwaka na kuzimika mara kwa mara, na umeme ukikatika mara nne kwa siku mashine imepata moto na kupoa mara nne. Toleo jembamba la 2010 liliondokana na tatizo hilo. PS3 nene nazo zina ugonjwa wa jamii hiyo hiyo: taa ya njano inamulika mara moja, kisha nyekundu inawakawaka. Asikudanganye mtu kwamba PS ni chuma.

Acha nafasi ya sentimita 10 kila upande, usipange mashine juu ya mashine, na umeme ukirudi subiri dakika 10 kabla ya kuwasha. Fundi akisema ataupasha ubao moto kwa hita, mashine huenda ikafufuka, lakini mara nyingi hufa tena baada ya wiki au miezi. Usimlipe bei ya matengenezo ya kudumu.

Nina Nintendo Switch. Kaka zangu wana PS4 na wanasema yangu ni toi la watoto na wasichana.
*Dada wa Shangani, Mtwara*

Dada, Nintendo ilianza 1889 kule Kyoto ikitengeneza karata, na jina la utoto limeigandia kwa sababu ya Mario na rangi zake. Lakini Doom na The Witcher 3, gemu za watu wazima kabisa, zote zimetoka kwa Switch. Umeme ukikatika, PS4 ya kaka zako inazimika. Switch ina betri yake: ya 2017 inaendelea kwa saa 2.5 hadi 6.5, na toleo la Agosti 2019 saa 4.5 hadi 9, kutegemea gemu. Wape padi wacheze gizani. Ila upepo wa bahari una chumvi, basi usiiache dirishani, na tundu la feni juu lifute kwa brashi kavu.

Mwanangu wa miaka 12 anataka PS4. Jirani anasema PS huzaa wahuni, ninunue kompyuta kwa sababu ndiyo ya watoto wenye akili.
*Mama, Nachingwea*

Mama yetu, gemu nyingi za mapigano zilizo kwenye PS4 zipo pia kwenye kompyuta. Tazama namba ya umri kwenye kasha: 3, 7, 12, 16 au 18. Kisha ingia kwenye mipangilio, sehemu ya udhibiti wa wazazi, mfungulie akaunti ya mtoto, weka kikomo cha saa. Namba ya siri inayokuja na mashine ni 0000, na watoto wengi wanaijua. Ibadilishe siku hiyo hiyo.

Bado nacheza PS2, wananiita mshamba. Siku hizi sidii hazisomi.
*Kijana, Kilwa Masoko*

PS2 ilitengenezwa tangu 2000 hadi mwanzoni mwa 2013, na hakuna mashine ya gemu ya sebuleni iliyouzwa kuizidi. Wanaokucheka wengi wamejifunzia hapo.

Chomoa waya, fungua, chovya pamba ya masikio kwenye spiriti isiyopungua asilimia 90, futa lenzi taratibu kwa mzunguko bila kuikandamiza, acha dakika 10 ikauke. Jaribu kwanza sidii halisi: zile za kuchoma huishinda lenzi iliyochoka mapema zaidi. Ikigoma, nunua lenzi, ila mpe muuzaji namba ya modeli iliyoandikwa nyuma, kwa sababu lenzi ya PS2 nene haiingii kwenye nyembamba.