Anza na Future Perfect

Ndugu, umeuliza, kati ya michezo ya video ya kufyatua risasi ya TimeSplitters, uanze na TimeSplitters 2 au TimeSplitters: Future Perfect, maana wachezaji hawakubaliani. Kama unatafuta kicheko, anza na Future Perfect ya 2005. Ndani yake Sajenti Cortez, mhusika unayemchezesha, anakutana na yeye mwenyewe kutoka wakati ujao, anapewa msaada, kisha baadaye wewe ndiye unarudi kumsaidia yule Cortez wa mwanzo. Unaliona tukio lilelile kwa upande wa pili, na mzaha ndipo unapokolea.

Wanaoipenda ya 2 (2002) wana haki yao: ni ngumu zaidi, na hatua ya kwanza ya Siberia 1990 bado inatisha. Lakini hadithi yake ni nyembamba, na sehemu za kuanzia upya ni chache mno. Ukifa karibu na mwisho, utalia. Kulenga shabaha nako ni kwa kizamani, mtindo wa GoldenEye, mchezo wa zamani ambao baadhi ya waundaji wake ndio walioanzisha Free Radical, studio iliyotengeneza TimeSplitters.

Ukiwa na rafiki na pedi ya pili, hapo chukua ya 2 bila kusita. Mchague tumbili awe mhusika wako.