Muulize Fundi: Nitumie leseni ya mwenzangu?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni Mkongo, baba wa watoto wanne, nakaa Fort Worth, Texas. Nilipokuwa kambini Nyarugusu, kule Kigoma, nilitengeneza friji za watu kwa miaka sita. Hapa nina miaka miwili na nusu nasaidia mafundi wa viyoyozi, nalipwa mkononi. Kuna bwana mmoja mwenye leseni ya ukandarasi ameniambia nifungue kampuni, nitumie namba yake, nimpe dola 500 kila mwezi. Wenzangu wanasema nimepata bahati. Nikubali? Na leseni yangu mwenyewe itachukua muda gani?

JIBU: Marahaba, baba. Usikubali. Nakwambia hivyo kabla ya mengine yote, maana najua dola zile zinavyovutia ukiwa na watoto wanne na kodi ya nyumba inakusubiri.

Texas hairuhusu mwenye leseni kumwazima mtu mwingine namba yake. Siku mteja atakapolalamika, huyo bwana atasema hakujua ulichokuwa ukifanya, na wewe utaonekana mkandarasi asiye na leseni. Moto ukizuka nyumbani kwa watu, usitegemee bima iliyokatwa kwa jina lake. Na hata mambo yakienda salama, utakuwa umefanya kazi miaka mitatu bila kujijengea hata mwezi mmoja wa kwako.

Hapo kwenye miezi ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Idara ya jimbo inayotoa leseni hizi, TDLR, inataka uwe umefanya kazi kwa vitendo miezi 48 chini ya mkandarasi mwenye leseni, yote ikiwa ndani ya miezi 72 iliyopita. Kuna njia fupi kidogo: ukiwa na cheti cha fundi aliyethibitishwa na idara hiyohiyo, na umekaa nacho miezi 12, utahitaji miezi 36 ndani ya 48. Njia zote mbili zinataka mkandarasi akusainie fomu kwamba ulikuwa chini yake.

Mimi nilifika Houston mwaka 2009 na cheti changu cha chuo cha ufundi VETA Chang'ombe, Dar es Salaam, nimekifunga kwenye nailoni. Bosi wangu wa kwanza alinilipa kila Ijumaa kwa bahasha ya kaki, hakuna hati, hakuna makato ya kodi. Nilimfanyia miezi 27. Nilikuwa na daftari la mistari, kila kazi nimeiandika: tarehe, mtaa, mashine ya tani ngapi (tani hapa ni kipimo cha nguvu ya kupoza, si uzito), gesi gani ya kupozea nimejaza na kiasi gani. Nilipomfuata anisainie fomu, alinitazama mlangoni akasema hanikumbuki. Daftari halikunisaidia kitu, kwa sababu fomu inataka saini ya mwenye leseni. Nilianza kuhesabu upya nikiwa na miaka 38. Daftari lile ninalo hadi leo, kurasa zake zimeganda kwa jasho la darini.

Kwa hiyo kesho asubuhi muulize bosi wako mambo mawili: leseni yake ni namba ngapi, na je, wewe umesajiliwa kama fundi? Usajili huo ni dola 20 tu, na hata msaidizi anatakiwa kuwa nao. Akianza kuzungukazunguka, tafuta kazi kwingine, hata kama mshahara utapungua. Dai malipo yenye hati. Miaka yako ya Nyarugusu sitaidharau, mikono yako imejifunza kule, lakini fomu ya Texas haina mahali pa kuiandika, maana hukuwa chini ya mkandarasi mwenye leseni.

Wakati miezi inakwenda, kafanye mtihani wa gesi wa EPA, idara ya mazingira ya serikali ya Marekani, unaoitwa 608. Huo ni wa nchi nzima. Bila huo huruhusiwi kufungua mfumo wenye gesi, na duka halitakuuzia mtungi wa gesi hiyo. Una sehemu nne zenye maswali 25 kila moja. Ukipata 18 katika kila sehemu unapewa cheti cha daraja la jumla, na hakiishi muda. Soma habari za gesi mpya kwa makini. R-22 tuliyoizoea nyumbani iliacha kutengenezwa na kuingizwa Marekani tangu 1 Januari 2020, na mashine mpya za majumbani sasa zinakuja na R-32 au R-454B, ambazo zinaweza kushika moto. Mtu aliyezoea kulehemu bomba la shaba huku gesi bado imo ndani ataumia.

Jambo moja linalowaangusha mafundi wetu wengi: leseni hii ni ya baridi na joto pamoja. Sisi tunajua kompresa, lakini tanuri la kupashia nyumba joto hatukulikuta kwetu. Mara ya kwanza kupanda darini kulitazama, nilisikia vichomeo vinawaka "fuu" nikarudi nyuma nikagonga kichwa kwenye boriti. Jifunze bomba lake la moshi, jifunze hewa inayohitaji ili iwake vizuri. Chuma cha ndani kikipasuka, hewa ya sumu isiyo na harufu huweza kuingia vyumbani watu wamelala. Mwombe fundi mzee akufungulie moja, ushike kila kipande kwa mkono.

Ukifika wakati wa kuomba, anza na daraja B. Linakuruhusu mashine hadi tani 25, na nyumba nyingi ni tani 3 hadi 5. Ada ya maombi ni dola 115, kisha mtihani, kisha bima ya angalau dola 100,000 kwa kila tukio. Hapo namba itakuwa yako.

SWALI: Mimi ni mama nakaa Houston. Nitajuaje kama fundi anayekuja kunifungia kiyoyozi ana leseni?

JIBU: Mama, tazama ubavuni mwa gari lake. Sheria inataka jina la kampuni na namba ya leseni viandikwe pande zote mbili, kwa herufi zisizopungua inchi mbili. Namba huanza na TACLA au TACLB. Iingize kwenye tovuti ya TDLR, itakuonyesha jina la mwenye leseni na kama bado iko hai. Jina likiwa tofauti na la huyo aliyekuja, muulize anamfanyia nani kazi, na piga picha ya gari kabla hajapanda darini.