Mkiona mungu wa kike ananyonyesha msikimbilie kuandika "mfalme anazaliwa"

Wadogo zangu mnaoanza epigrafia (kunakili na kusoma michongo na maandishi ya kale), nimepitia maelezo yenu ya picha za mahekalu ya Misri ya kale na kila penye mungu wa kike ananyonyesha mmeweka "kuzaliwa kwa mfalme". Kila mahali! Hata mfalme Sahure kwenye hekalu lake la Abusir, mtu kasimama wima kavaa kifalme ananyonya kwa mungu wa kike Nekhbet, mnamwita kichanga. Kichanga gani huyo jamani.

1. Maziwa yale mfalme anayapata akizaliwa, akitawazwa na akifufuka baada ya kufa. Angalia kavaa nini, halafu angalia ukuta unaendelea na nini. Mtoto kweli mara nyingi yuko uchi, msuko pembeni, kidole mdomoni.

2. Pembe na duara la jua kichwani sio kitambulisho. Hapa mi niliumia, acheni niseme tu. Nilipewa mchongo wa hekalu la mfalme Seti wa Kwanza kule Abydos, mama kampakata mfalme, nikaona pembe, nikaandika Hathor, yule mungu wa kike wa ng'ombe, roho safi kabisa. Ningeishia hapo afadhali. Nikajenga presentesheni nzima, Hathor ndiye ng'ombe anayemlamba mkono Hatshepsut, malkia aliyetawala kama farao, pale kwenye hekalu lake la Deir el-Bahari, kwa hiyo Seti anarudi kwenye ufalme wa ng'ombe, mishale myekundu kwenye slaidi, sauti nimeikaza kama wakili, na mwalimu wetu kanyamaza ananiangalia tu mpaka nikamaliza, halafu akasema taratibu, "Haya, sasa tusomee hapo juu ya kichwa chake." Alama ya kiti cha enzi imekaa pale kwenye safu ya maandishi, kubwa, wala haijabanduka. Ndiyo inayoandika jina la Isis, mungu wa kike mwingine. Nilitamani ardhi ipasuke. Na sio jina tu lililokosewa, maana alama ya Isis ndiyo hicho kiti, mfalme kakaa mapajani kwa mama ambaye ndiye kiti chenyewe cha enzi, mchongaji kaweka hoja yake yote pale na mi nimeifuta nikaleta zizi la ng'ombe. Tangu siku hizo za Ufalme Mpya Isis anazivaa sana pembe za Hathor, kwa hiyo soma jina kwanza, uzuri wa sura baadaye.

3. Mkichora, hesabuni mwanga unatoka juu kushoto. Kwa mchongo uliochomoza, mstari mwembamba upande wa mwanga, mnene upande wa kivuli, mchongo uliozama ukutani unageuza. Basi.

4. Kuzaliwa kwa Hatshepsut, hapohapo Deir el-Bahari. Mungu Khnum anafinyanga watoto wawili kwenye gurudumu, mmoja ni yeye na mwingine ni ka yake (nafsi pacha), miili ya kiume lakini maandishi yanamtaja kwa jinsia ya kike. Msijione wajinga, Champollion mwenyewe, aliyefumbua maandishi ya Wamisri, alifika pale 1829 akachanganyikiwa. Ila kuna mmoja wenu (hatumtaji, anajijua) kaona mungu Amun na malkia Ahmose, mama yake Hatshepsut, wamekaa wanatazamana, ankh (alama ya uhai) iko puani kwa mama, kaandika "wanasalimiana". Aisee, hapo ndio mimba inatungwa! Wamisri walikuwa na adabu zao tu.

Halafu hii ya "alijibunia uzazi wa kimungu kwa sababu ni mwanamke" mnaipenda mno. Sawa, alihitaji kujitetea, sikatai. Sasa nielezeni mfalme Amenhotep wa Tatu, mwanaume, mtoto wa mfalme, hakuna aliyembishia kiti, kaenda kuchonga hadithi hiyohiyo kwenye hekalu la Luxor, mama yake Mutemwia na Amun. Mkinijibu hilo ndio turudi kwa Hatshepsut.

5. Acheni kuandika "imechakaa". Sura ya Hatshepsut ilitolewa kwa patasi enzi za Thutmose wa Tatu, mfalme aliyemfuata, ya Amun ikatolewa na watu wa Akhenaten, farao aliyempiga vita Amun, kisha ikachongwa upya baadaye. Kuza picha uone alama za patasi zimefuata mwili wa nani, na zimeacha nani mzima. Kwenye mchoro wako, ulichokisia kiwe na mistari ya vidoti.

Shiti zenu za michoro ya Mutemwia nazirudisha zote Jumatatu. Mje na penseli, kalamu ya wino sitaki kuiona.