Ukiitwa kwenye kamati ya kupanga ada za wawaniaji

Uchaguzi mkuu wa Kenya ni tarehe 10 Agosti 2027, na vyama vitaunda kamati za mchujo, yaani za kuteua wagombea wao, mapema kabla ya hapo. Ukiitwa kwenye kamati ya kaunti yako, hutamaliza wiki kabla hujaulizwa: mwaniaji wa udiwani alipe ngapi?

Nimekaa kwenye meza hiyo Nairobi, kwa hiyo najua mazungumzo yanavyokwenda. Mweka hazina huanza na kodi ya ofisi, halafu posho za wasimamizi, halafu uchapishaji wa karatasi za kura. Kisha anapiga hesabu: wadi 85, kila wadi wawaniaji kadhaa, zidisha. Chai haijafika na kiasi kimeshapatikana. Wakati wote huo hakuna aliyeuliza ada yenyewe ni ya kazi gani.

Uliza wewe. Kama ni ya kuchuja wenye mzaha, kiasi kidogo kinatosha. Kama ni ya kulipa kodi ya ofisi, basi mwaniaji amegeuzwa mfadhili wa chama, na waseme hivyo waziwazi ili kila mtu ajue anacholipia.

Mahali pazuri pa kuanzia ni kwenye ada za tume ya uchaguzi, IEBC, yenyewe. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2012, anayewania uwakilishi wa wadi hulipa shilingi 5,000, gavana 50,000 na rais 200,000. Wanawake, vijana na watu wenye ulemavu hulipa nusu, yaani 2,500 kwa wadi. Chama kinachotoza mara kadhaa ya hapo kwa tiketi peke yake kina wajibu wa kueleza kwa nini kumpata mgombea kunagharimu zaidi kuliko kumwandikisha. Pesa hiyo hutakiwa kabla mtu hajachapisha bango hata moja, na akishindwa kwenye mchujo hairudi. Mwenye kibanda Mathare anatoa mtaji wa biashara. Mkandarasi haisikii, na mkinisukuma nitasema anajua tayari pesa hiyo itamrudia kutoka wapi.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: fungueni njia mbili, pesa au saini. Mji wa Los Angeles unafanya hivyo. Mgombea huleta saini 500 pamoja na dola 300, au saini 1,000 bila kulipa chochote. Mjadala huu una historia ndefu huko: mwaka 1974, katika kesi ya Lubin dhidi ya Panish, mtu aliyetaka ujumbe wa baraza la kaunti ya Los Angeles alishindwa kulipa ada ya dola 701.60, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba asiye na uwezo hawezi kufungiwa mlango bila kuonyeshwa njia nyingine.

Na saini si kitu chepesi, msije mkaambiwa ni mteremko. Katiba yetu inamtaka mgombea huru wa wadi aungwe mkono na wapiga kura 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo. Nimewahi kuzunguka na daftari la namna hiyo. Unapanda ngazi za ploti, unabembeleza mlinzi langoni, na mtu anayekupenda kabisa anakataa kukupa nambari ya kitambulisho. Ana sababu: mwaka 2021 Wakenya wengi walijikuta wamesajiliwa kwenye vyama wasivyovijua. Kusanya za ziada, maana nyingine zitakatwa kwa kuwa wenyewe wamejiandikisha wadi jirani. Atakayerudi na daftari lililojaa amekwisha kuthibitisha nia yake kuliko aliyetuma pesa kwa simu akiwa kitini.

Mtaambiwa mlango ukiwa wazi watu watafurika. Ni kweli huweza kutokea. Toronto, Juni 2023, wagombea umeya walikuwa 102 kwenye karatasi moja, mmoja akimnadi mbwa wake. Hata hivyo wapiga kura walimpata waliyemtaka, na Olivia Chow akashinda kwa takriban asilimia 37. Mwishowe gharama ilikuwa karatasi ndefu.

Sheria ya Ontario, jimbo lenye mji huo wa Toronto, ina jambo jingine ambalo ningeliiba bila haya: mgombea hurudishiwa ada yake akiwasilisha hesabu za kampeni kwa wakati. London wao hushikilia pauni 10,000 za mgombea umeya hadi apate zaidi ya asilimia 5 ya kura. Hilo silipendi, maana linamwadhibu mtu kwa kushindwa.

Mengine ni ya utaratibu tu. Punguzo liandikwe kwenye fomu yenyewe. Nimeona mwanamke akitozwa ada kamili kwa sababu karani hakuambiwa lolote kuhusu nusu. Malipo yapite kwenye paybill ya chama, yaani nambari yake rasmi ya kupokea pesa za simu, isiwe simu ya mtu binafsi, na risiti itoke papo hapo.

Halafu hakikisha sababu za kiasi mlichokubaliana zimeingia kwenye kumbukumbu za kikao, pamoja na majina ya waliopinga. Aliyekosa tiketi akikosa haki ndani ya chama ataenda mbele ya Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, na wakili wake atataka kuona ni kikao gani kilichopanga ada ile na kwa hoja gani.