Kona ya Mapochopocho: Kila Kitamu na Saa Yake

Barua za mwezi huu zimejaa sukari, nami nimefurahi kuzisoma. Zimetoka miji mbalimbali na majiko mbalimbali, lakini karibu zote zinagusa jambo ninaloliamini kwa moyo wote: kabla ya kuuliza kitu kina sukari kiasi gani, uliza kimetoka jikoni saa ngapi. Kaimati ina saa moja ya uhai. Kashata ina wiki nzima. Mkate wa kumimina unataka ulale kwanza. Anayezijua saa hizi hula vizuri nyumbani, na akitoka pia hula vizuri.

Shikamoo Mjomba. Mimi ni mtu wa Lindi, nimeolewa Mbeya. Kaimati zangu zinatoka mafutani zikiwa duara kabisa, lakini baada ya muda mfupi zinanywea. Halafu shira ikipoa inarudi kuwa chembechembe za sukari. Mawifi zangu wanakuja Jumapili saa kumi jioni. Nisaidie. (Binti wa Kusini, Mbeya)

Marahaba, mpwa wangu. Una matatizo mawili yasiyo na undugu, kwa hiyo tuyatenganishe.

Kaimati inayonywea haijaiva ndani. Mafuta yalikuwa ya moto mno, ganda likashika rangi upesi, ukazitoa. Zilipopoa, ule unga mbichi wa katikati ukashindwa kulibeba ganda. Weka mafuta mengi ya kutosha kaimati kuelea, kwa moto wa wastani, kisha dondosha tone la unga. Likizama kidogo halafu likapanda taratibu huku likitoa mapovu, anza. Likiruka juu papo hapo, punguza moto usubiri. Zikishaingia usiondoe mkono: zungusha mwiko bila kupumzika, ukizimwagia mafuta migongoni, mpaka zote ziwe na rangi moja. Zikipata rangi ndani ya dakika mbili, ujue ndani bado.

Ila kabla ya mafuta kuna kuumuka. Lindi unaweza kuuacha unga juu ya meza ukaumuka wenyewe huku unafanya mengine. Mbeya ya Juni na Julai haikupi nafasi hiyo. Hamira ina uhai, na kwenye baridi hulala. Kwa vikombe 2 vya unga wa ngano tia hamira kijiko 1 cha chai, chumvi kidogo, na sukari kijiko 1 cha chai tu, maana sukari nyingi huidumaza hamira na utamu wenyewe utakuja na shira. Changanya mtindi na maji vuguvugu, uyatie kidogo kidogo mpaka unga uwe mzito wa kuchotwa kwa vidole. Bakuli liweke ndani ya sufuria kubwa yenye maji vuguvugu, ulifunike kwa kitambaa. Usitazame saa, utazame unga: ukiwa maradufu, uko tayari.

Na uupige. Pale Ngamiani, Tanga, nilikokulia, kinamama wa zile barabara za namba waliupiga unga wa kaimati kwa kiganja, wakiuinua kutoka chini na kuurudisha, mpaka unavutika na kutoa sauti bakulini. Mashine nayo hufanya kazi hiyo, lakini kiganja hukuambia imetosha.

Sasa shira. Vikombe 2 vya sukari kwa kikombe 1 cha maji. Koroga mpaka sukari iyeyuke, kisha toa mwiko na usiurudishe. Kukoroga shira inayochemka ndiko kunakoialika sukari ijikusanye upya. Tia kijiko 1 cha chai cha maji ya ndimu. Asidi ya ndimu huivunja sehemu ya sukari ikawa sukari nyingine mbili nyepesi, na hizo huzuia chembe zisishikane. Chemsha mpaka tone moja kati ya vidole vyako livute uzi. Iliki iingie mwishoni ili harufu isipotee na mvuke. Shira ikiwa vuguvugu, mimina kaimati, zigeuze zivae, zitoe. Shira nyepesi huingia ndani na kuzilowesha. Nzito hubaki nje na kung'aa.

Mawifi wakija saa kumi, anza kukaanga saa tisa na nusu. Usizifunike hata kwa sahani, kwa sababu mvuke wake wenyewe hulainisha ganda. Unga ulioumuka unaweza kukaa kwenye friji ukiwangojea wageni. Kaimati iliyokwisha kukaangwa haimngojei mtu.

Mjomba, huku kwetu ndizi ni tele lakini nazi ni za shida na bei yake kubwa. Je, tui la unga la pakiti linafaa kwa ndizi mbivu? (Msomaji wa Buyenzi, Bujumbura)

Linafaa, ndugu yangu, wala usione haya. Soma pakiti kwanza: nyingi zina wanga na protini ya maziwa ndani yake, na vitu hivyo hulifanya tui liwe zito upesi, basi lichanganye jepesi kuliko maelekezo yanavyosema. Chagua ndizi kubwa za kupika zilizoiva mpaka ganda lina madoa meusi. Chemsha kwa tui jepesi na chumvi chembe, kisha ongeza tui zito na iliki, moto mdogo, usifunike. Kijiko kitazivunja, shika masikio ya sufuria uitikise. Sukari onja kwanza, mara nyingi hutaihitaji kabisa.

Kwa kashata, lakini, pakiti haifai. Kashata ni nazi yenyewe iliyokunwa.

Assalaam alaykum Mjomba. Naishi Muscat tangu utotoni, wazee wangu ni wa Unguja. Mkate wa kumimina wangu unaumuka vizuri, lakini ukitoka ndani ya oveni juu una matundu mazuri na chini kuna tabaka zito linalonata. Mama yangu anaupika kwa mkaa na hautoki hivyo. (Mpenda Mkate, Muscat)

Waalaykum salaam. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa raha, maana hakuna kitamu cha pwani ninachokipenda kuliko huu mkate wa mchele na tui, na hakuna kinachohitaji uangalifu zaidi.

Tabaka hilo ni mchele ulioshuka. Ngano ina mvutano unaoshika hewa. Mchele hauna. Kinachozuia mapovu yasitoroke, na chembe zisizame, ni uzito wa unga wenyewe pamoja na ulaini wa kusagwa kwake. Kwa hiyo anza kwenye blenda. Chuja maji yote ya kuroweka, tia tui kidogo tu, kiasi cha visu kuzunguka, na usage mpaka ukisugua kati ya vidole usisikie chembe hata moja. Tui lililobaki liongeze baadaye kidogo kidogo. Vikombe 2 vya mchele, kikombe 1 na nusu cha tui zito, na si lazima kiishe chote. Wengi humimina kopo zima kwa sababu limeshafunguliwa, na hapo ndipo mkate unapoharibika.

Pili ni joto la kwenu. Muscat wakati wa kiangazi hupita nyuzi 40. Mchele ulioachwa mezani usiku kucha huanza kuchachuka, basi uroweke ndani ya friji. Unga nao huumuka haraka kuliko unavyozoea kusikia kwa wazee, na ukishapita kilele chake hushuka wenyewe, mapovu yanapasuka na kilicho kizito kinakwenda chini. Umeandika kwamba unaumuka vizuri. Naona unaungoja mno. Mapovu yakifunika uso na unga ukipanda nusu ya kimo chake, chukua ute wa yai moja uliopigwa, uuchanganye taratibu, umimine mara moja.

Tatu ni moto, na hapa mama yako ana siri aliyoiona kwa macho kila siku. Mkaa wake uko chini na juu ya mfuniko, na sufuria yake imeshapata moto na mafuta kabla unga haujaingia. Wewe unamimina kwenye chombo baridi, unakiingiza ndani ya oveni. Juu panaiva, chini pangali panangoja. Tumia sufuria nzito, ipake samli, iweke juu ya jiko mpaka samli ianze kutoa harufu, ndipo umimine. Iache hapo juu ya moto mdogo kama dakika 3, hadi kingo zishike, kisha ihamishie kwenye oveni iliyokwisha kupata nyuzi 180. Nusu saa, pengine dakika 40. Choma njiti katikati. Ikitoka kavu, umeiva.

Halafu uuache! Mkate wa kumimina uliokatwa ukiwa moto hunata kwenye kisu, na mtu atadhani haujaiva. Ukipoa hukatika vizuri, na kesho yake asubuhi, kwa chai ya rangi yenye mchaichai, ni mtamu kuliko siku ulipopikwa. Mafuta ya nazi yameshatulia, iliki imeenea mpaka kingoni.

Jambo la mwisho: ukipata safari ya Salalah, huko minazi imejaa. Nunua nazi kavu chache, ukune mwenyewe mara moja. Mama yako akionja atajua.

Habari za kazi Mjomba. Wakwe zangu wanakuja Dar kutoka Kondoa na nataka kuwatoa wakale vizuri. Mke wangu anataka hoteli kubwa kwa sababu huko huleta keki baada ya chakula. Mimi napenda pilau ya Kariakoo. Na kwa nini kwenye hoteli zetu za pilau hawaleti kitu kitamu mwishoni? (Mkwe Mwema, Tabata)

Hawaleti kwa sababu vitamu vyetu vina wakati wao mwingine. Vitumbua na mahamri ni vya asubuhi, visheti na kashata ni vya chai ya alasiri, kaimati na tambi tunazikumbuka zaidi kwenye futari. Baada ya wali tunda linatosha. Ndiyo maana pilau huja na ndizi mbivu pembeni, na wengine huila pamoja na wali wenyewe. Mimi ni mmoja wao, na nakushauri ujaribu: ule utamu laini ukikutana na bizari nzima na mdalasini, kachumbari haina cha kuongeza.

Usimkatalie mke wako, wala usiiache pilau. Igawe siku. Wapeleke Kariakoo mchana, kati ya saa sita na nusu na saa nane. Pilau hupikwa kwa ajili ya saa hizo. Jioni unakula iliyopashwa moto. Nenda wewe mwenyewe siku moja kabla uone mahali: kuna viti vyenye migongo, kuna maji ya kunawa yanayotoka, kuna feni. Mkwe hasimamishwi mlangoni kungojea meza.

Jioni mtoke tena kwa ajili ya kitamu peke yake. Kisutu na mitaa ya jirani, wenzetu wenye asili ya Kihindi wanatengeneza jalebi, barfi na faluda. Jalebi itafute mahali inapokaangwa mbele yenu. Faluda ni maziwa baridi, sharubati ya waridi, tambi nyembamba na mbegu za mrehani zilizovimba. Wazee wengi huipenda kwa sababu haihitaji meno. Keki ya hoteli kubwa mara nyingi imekaa kwenye friji la kioo tangu jana, na unailipia kioo hicho. Muulize mke wako kwa faragha kama kuna mzee mwenye kisukari, ili mzee asilazimike kulisema mezani. Kama yupo, yeye mwagizie chai ya tangawizi bila sukari, na wengine mle kwa kiasi mbele yake.

Mjomba, tunakwenda Unguja na watoto watatu. Kila mtu anasema Forodhani, lakini wengine wanatutisha kuhusu matumbo. Tule nini? (Baba wa Watatu, Nairobi)

Nendeni. Bustani ya Forodhani, mbele ya Beit al-Ajaib, ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, na magharibi jua linapozama meza za wachoma samaki zinajaa. Watoto wenu watafurahi na nyinyi pia.

Kanuni yangu ni ileile ya saa. Kula kinachopikwa ukikiona. Ile pizza ya Zanzibar, ambayo watu wa Mombasa wataitambua kama ndugu wa mkate wa nyama, ni salama kwa maana hiyo: donge la unga linakandamizwa mbele yako likawa jembamba, linajazwa nyama, kitunguu na yai, linakunjwa, linakaangwa. Ya watoto huwekwa ndizi na chokoleti. Urojo, ule mchuzi mzito wa Unguja, uwe wa moto unaofuka. Pweza na kamba waliochomwa mapema wakapangwa mezani, siwagusi. Yule anayechoma papo hapo nitamngoja. Uliza bei kabla ya kunyoosha kidole, kwa kila kitu na kwa kila mtu, kisha muelewane jumla.

Juisi ya miwa iagizeni mwishoni, ikamuliwe pamoja na ndimu na tangawizi, muinywe mkiwa mmesimama hapohapo. Ikikaa hubadilika rangi na ladha. Kwa tumbo la mtoto, mwambie muuzaji asitie barafu.

Zawadi ya kurudi nayo Nairobi iwe halua. Ni wanga, sukari, samli, iliki na zafarani, vinavyokorogwa muda mrefu kwenye chungu kikubwa, na inakaa wiki kadhaa bila friji. Mkipata ya Wete, Pemba, chukueni hiyo. Onjeni kabla ya kununua: isiwe na chembe za sukari ulimini, na samli yake inukie vizuri.